Shahidi Asiye na Shida

Jinsi Mwinjuma bin Kombo, fundi cherehani wa Pangani, alivyofika katika mji wa Sawiya ni habari ndefu isiyo na faida kwa msomaji. Alipotea, basi. Watu hupotea, na wengine hupotelea mahali pabaya zaidi. Ninachotaka kueleza ni yale aliyoyakuta huko, wala sitaongeza chumvi, kwa sababu mchuzi wenyewe ulikwisha kukolea.

Sawiya ni mji wa kupendeza kwa macho. Uko chini ya Serikali Kuu iliyo mbali, nyuma ya milima. Hakuna mtu wa Sawiya aliyepata kuiona serikali hiyo, lakini wote wanaiamini, maana kila mwaka kabla ya masika huwaletea Fungu. Fungu ni msafara wa magari ya ng'ombe yaliyojaa mabati, mbao, saruji na misumari, na juu ya gari la kwanza hubandikwa barua isemayo: "Wajengeeni wasio na makazi mema, na mwiinue mitaa iliyo nyuma." Barua, upande wa mbele, ni hiyo tu. Vitabu vilivyoandikwa Sawiya kuifafanua vimejaza vyumba vinne, na rafu za vyumba hivyo zimetengenezwa kwa mbao za Fungu.

Mwinjuma alipata malazi Mtaa wa Bondeni, kwa mjane aliyeitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mama mtu mzima, mikono imekomaa kwa sabuni na pasi ya mkaa, kwani kazi yake ilikuwa kufua na kunyoosha kanzu za wakubwa wa mji. Mwinjuma alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, akamwonyesha mkeka, kisha akamwonya kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Lala upande huu, mwanangu. Upande ule ukuta hauna adabu."

Mwinjuma akatazama. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinamia ndani, umeegemezwa magogo mawili, na paa lilikuwa limeachana nao kiasi cha mtu kupitisha mkono. Juu ya milima mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya. Mvua tatu za maana zingetosha kuimaliza nyumba ile. Hata fundi cherehani aliliona hilo.

"Mama, mbona huombi hilo Fungu wanalolisifu?"

"Nani kasema siombi? Napata kila mwaka. Njoo uone."

Akamtoa uani. Pale palikuwa na banda la kuku lililozungushiwa mabati, kila bati na umri wake, mengine yameliwa na kutu, moja bado liling'aa. Bi Sikudhani akamweleza. Sheria ya kwanza ya Sawiya ni usawa. Nyumba ni nyingi, na ili asionewe mtu, kila nyumba hupewa bati moja kwa mwaka. Mwenye ghorofa kule Kilimani hupata lake, na mwenye kibanda Bondeni hupata lake. Bati moja haliezeki nyumba, hilo kila mtu analijua, lakini hakuna awezaye kusema amepunjwa. Watu wa Kilimani huyatumia kuanikia pilipili.

"Na saruji?"

"Tunapimiwa kikombe. Ya mwaka juzi niliziba tundu la panya. Panya akatoboa pembeni."

Mwinjuma alikuna kichwa. Aliuliza kama haingekuwa vyema mwaka huu wapewe watu kumi mabati ya kutosha, mwaka ujao wengine kumi. Bi Sikudhani akatazama huku na huku kama aliyesikia tusi mbele ya wakwe.

"Usiyaseme hayo njiani. Aliyeyasema mara ya mwisho aliundiwa kamati."

Hata hivyo, alisema, kuna sehemu ndogo ya Fungu iitwayo Shida Maalumu, na hiyo haigawiwi kwa bati moja moja. Hutolewa kwa nyumba moja tu kila mwaka, nzima, kuanzia msingi hadi paa. Mwenye kupata huamuliwa na Kikao cha Usikilizaji. Na kikao kilikuwa kesho yake.

"Basi kesho nenda ukaseme!"

"Siruhusiwi. Mwenye shida hasemi shida yake. Ni sheria."

Ilimchukua Mwinjuma muda wote wa chakula kulielewa jambo hili, na hakulielewa. Wazee wa sheria wa Sawiya walikaa zamani wakakubaliana kuwa kinyozi hajinyoi. Mtu akiumwa hukuza maumivu yake, kwa hiyo ushahidi wake una maslahi ndani yake, na ushahidi wenye maslahi ni najisi. Anayeweza kueleza shida ya nyumba ni mtu asiye na shida ya nyumba. Watu wa Bondeni wote wana shida, hivyo hawasikilizwi. Watu wa Kilimani hawana shida, hivyo husikilizwa sana, ila hawajapata kushuka Bondeni, kwa hiyo kila mwaka hueleza shida wanazozijua. Mwaka uliopita Shida Maalumu ilijenga baraza ya kupumzikia kule juu, kwa ajili ya wanaochoka kupanda ngazi zao.

"Sasa wewe," Bi Sikudhani akasema, akimsogelea, "wewe si wa hapa. Huna shida wala huna maslahi. Lakini ukuta umeuona kwa macho yako. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimekungoja miaka sita, mwanangu, na jina lako silijui."

Mwinjuma akamtajia jina, akaahidi. Nani angekataa?

Ukumbi wa Usikilizaji ndio jengo pekee la Sawiya lenye paa saba, moja juu ya jingine. Mwinjuma alidhani ni urembo. Akaelezwa kuwa barua ya Serikali Kuu ina mstari mdogo nyuma yake: kisichotumika mwaka huu kitarudishwa, na mwakani mtaletewa pungufu. Kwa kuwa mabishano ya kugawa huwa hayaishi kwa wakati, kila mwisho wa mwaka mabati yaliyobaki hupigiliwa haraka haraka juu ya ukumbi. Nguzo zilikuwa zimeanza kulalamika, na mwaka ule palikuwa na hoja ya kuzijengea nguzo nyingine.

Mlangoni alikaa karani Ngwali, mtu mwembamba mwenye daftari nene lililoitwa Kitabu cha Makazi.

"Jina?"

"Mwinjuma bin Kombo."

"Nyumba yako iko mtaa gani?"

"Hapa sina nyumba. Ninayo kwetu, Pangani."

"Pangani haimo kitabuni." Ngwali akainua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. "Kwa hiyo huna?"

"Hapa, sina."

Karani aliandika neno "hana" kwa kuwa shahidi hana budi kuandikwa, ingawa katika miaka yake yote hakupata kuliandika neno hilo. Mtu wa Sawiya huandikwa chini ya nyumba yake. Asiye na nyumba hana pa kuandikwa, na wale waliolala kwenye mabaraza ya sokoni hawakuwamo kitabuni hata mmoja. Ndiyo sababu kila mwaka Sawiya huandika kwa Serikali Kuu kumshukuru Mungu kwamba mji hauna mtu asiye na nyumba.

Ndani, Wasikilizaji tisa walikaa kwenye viti virefu, wamewapa watu migongo. Ndiyo desturi yao. Uso wa mtu, walisema, una hila: hulia, hukonda, humwonyesha msikilizaji mambo yasiyoandikwa kwenye fomu. Mwinjuma aliketi akazitazama kanzu tisa nyeupe, zimenyooshwa pindo kwa pindo.

"Ile ya katikati ni ya Bwana Shaweji, Msikilizaji Mkuu," Bi Sikudhani alimnong'oneza. "Hutoka jasho shingoni akiongopa. Hiyo kola najua ninavyoisugua."

Asubuhi ilipita katika mjadala kuhusu nguzo. Mmoja alisema nguzo za ukumbi ni maendeleo ya mtaa, kwa sababu ukumbi umo mtaani. Mwingine alisema nguzo ni makazi, kwa sababu ndege wanaishi juu yake. Walipiga kura, wakakubaliana kuwa ni vyote viwili. Mwinjuma alisikiliza kwa makini, akijaribu kufuata, na kila alipodhani ameshika mkia wa jambo aligundua ameshika mkia wa jambo jingine.

Ilipofika zamu ya Bondeni, Bi Sikudhani hakuweza kujizuia. Alisimama.

"Waheshimiwa, adhabu ya kaburi aijuaye maiti!"

Migongo tisa haikutikisika. Bwana Shaweji akajibu kwa upole mkubwa, akiuambia ukuta uliokuwa mbele yake:

"Ni kweli kabisa, bibi. Lakini maiti haitwi ushahidini. Tafadhali keti. Shahidi asiye na shida, karibu."

Mwinjuma akasimama. Njiani Bi Sikudhani alimwambia asione haya, apake rangi kidogo, kwa kuwa watu wanaokupa mgongo hawasikii mambo madogo. Basi alipaka. Alisema ukuta umeinama kama mzee anayetafuta sindano. Alisema kupitia mwanya wa paa amehesabu nyota. Kisha, akiona mgongo mmoja umesogea kidogo, moyo ukampanda, akasema maneno ambayo hadi leo akiyakumbuka hukosa usingizi:

"Waheshimiwa, nyumba ile haifai kukaa mtu. Hata mbuzi mwenye akili zake hawezi kuingia mle. Bora isingekuwapo!"

Bi Sikudhani alimshika mkono alipoketi. Alikuwa analia na kucheka. "Hakuna aliyepata kutusemea hivyo," alisema.

Baada ya mapumziko Bwana Shaweji alisoma uamuzi. Alisema Kikao hakijawahi kupata shahidi safi kama yule. Kwa ushahidi wake, nyumba ya Bi Sikudhani wa Bondeni haifai kukaa mtu, na sheria ya usalama inataka nyumba ya namna hiyo ibomolewe siku hiyo hiyo. Pili, Kikao kimeletewa Kitabu cha Makazi na kumwona humo mtu mmoja tu, katika mji mzima, aliyeandikwa hana nyumba. Barua ya Serikali Kuu inasema wajengewe wasio na makazi. Kwa miaka yote Kikao kimekuwa kikitafuta mtu wa namna hiyo bila mafanikio. Kwa hiyo Shida Maalumu ya mwaka huu anapewa Mwinjuma bin Kombo, nyumba nzima, msingi hadi paa. Na kwa kuwa yeye mwenyewe amethibitisha kuwa mtaa wenye shida ni Bondeni, atajengewa Bondeni, kwenye kiwanja kitakachokuwa wazi kuanzia alasiri.

Watu walipiga makofi. Mwinjuma alitazama nyuma kuona ni nani anayepigiwa.

"Waheshimiwa, mimi sikuja kuomba!"

"Ndiyo maana umepewa," alisema Bwana Shaweji.

"Nilikuja kumsemea huyu mama! Nyumba ni yake!"

"Andika," Bwana Shaweji alimwambia karani, "kwamba mnufaika alizidiwa na shukrani."

Wafanyakazi wa mji, ambao Bi Sikudhani aliwangoja miaka sita kwa ajili ya ukuta mmoja, walifika Bondeni kabla yake. Walikuwa watu wa adabu. Walimtolea sufuria zake, mkeka, godoro, na pasi ya mkaa, wakavipanga vizuri chini ya mti wa mpera. Kisha wakayaondoa yale magogo mawili, na nyumba ikakaa chini yenyewe. Kuku walitawanyika hadi kwa majirani. Bi Sikudhani alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mwinjuma alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisimama mbele yake.

"Uliwaambia ukweli," hatimaye mama yule alisema. "Mimi ndiye niliyekutuma."

Laiti angemtukana.

Nyumba mpya ilijengwa kwa siku kumi na moja, na kusema haki ilikuwa nyumba njema: kuta zimesimama wima, sakafu ya saruji, paa la bati jipya. Siku zote hizo wawili hao walihifadhiwa na jirani, jikoni. Siku ya kukabidhi, karani Ngwali alileta ufunguo ndani ya sahani. Mwinjuma aliupokea kwa mkono wa kulia na papo hapo akamgeuzia Bi Sikudhani.

"Hapana, hapana," Ngwali akasema, akiingia kati yao kwa haraka. "Nyumba ya Fungu haitolewi, haiuzwi wala hairithishwi kabla ya miaka kumi na mitano. Na huyu bibi hawezi kuipokea. Kitabuni ana nyumba."

"Mmeibomoa!"

"Tumebomoa nyumba. Kitabu hupitiwa kila baada ya miaka kumi. Tumekipitia mwaka jana."

"Basi akae humu pamoja nami."

Hapo Ngwali alilainika, kwa kuwa alikuwa mtu mwema katika mipaka ya kazi yake. Alifungua kijitabu cha masharti. Mwenye nyumba anaruhusiwa mgeni, kwa siku mbili. Siku ya tatu mgeni atoke na vyake, kwani akilala tena bila kutoka atahesabiwa mkaaji wa pili, na nyumba itakuwa imezidisha watu, na itarudishwa kwenye Fungu. Lakini hakuna sharti lililomkataza mgeni kuja tena siku hiyo hiyo. Ilimradi abishe hodi kwa mdomo wake, naye mwenye nyumba amkaribishe kwa mdomo wake, awepo mwenyewe. Mwenye nyumba asipokuwapo siku ya hodi, nyumba ni tupu.

Mwinjuma alikwenda ukumbini kulalamika. Alifika hadi mlangoni tu. Akaambiwa kwamba sasa yeye ni mwenye nyumba ya Fungu, ana maslahi makubwa, na hawezi kusikilizwa katika jambo lolote linalohusu nyumba.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Yeye alikodi cherehani, akashona barazani. Mama alinyoosha kanzu chumbani. Kila siku ya tatu, asubuhi, Bi Sikudhani alifunga vitu vyake vyote katika shuka, akatoka, akazunguka hadi njiani, akasimama mbele ya mlango uliojengwa pale palipokuwa na jiko lake, akaita hodi. Mtu wa ukumbini alikaa ng'ambo ya njia na kijitabu, akiandika. Mwinjuma aliitika karibu. Mara za kwanza walicheka.

Kisha habari ikaja kwamba magari ya Fungu yanarudi milimani. Kutoka Sawiya hakuna njia nyingine ya kuondoka, na magari hurudi mara moja kwa mwaka. Mwinjuma alikuwa na mke Pangani, Riziki, aliyemwacha na mimba ya miezi mitano. Alihesabu miezi kwa vidole, akaihesabu tena, na siku ile hakushona kitu.

"Utakwenda," Bi Sikudhani alimwambia, bila kuuliza.

"Nikienda watakutoa."

"Nimekaa kwenye nyumba mbovu miaka sita. Uwanjani nitakaa vilevile. Nenda kwa mkeo."

Alibishana naye, akashindwa, akafunga mkoba wake. Moyoni alikuwa amekubali, tena kwa furaha aliyoionea aibu. Lakini siku ya magari iliangukia siku ya tatu. Mwinjuma akasema atamkaribisha kwanza, ampatie walau siku mbili nyingine za paa, ndipo akimbilie magari. Asubuhi ile masika yalifunguka kwa nguvu zake zote. Bi Sikudhani alifunga shuka lake, akatoka mvuani, akazunguka hadi njiani, akasimama mbele ya mlango.

Mwinjuma alisubiri hodi. Haikuja.

Akafungua mlango. Mama yule alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, shuka kichwani, maji yakimtiririka usoni. Ng'ambo ya njia mtu wa kijitabu alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli. Kutoka upande wa soko zilisikika kengele za ng'ombe.

"Bisha hodi, mama. Unalowa."

Bi Sikudhani akatikisa kichwa. "Nikibisha utaitika. Na ukiitika leo, moyo hautakuruhusu kuondoka. Nakujua, nakufulia shati. Nenda."

"Bisha kwanza."

"Nenda, Mwinjuma."

Gari la kwanza lilipita, likirusha tope. La pili likapita. Mwinjuma alikuwa na mkoba begani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na msomaji asimhukumu, maana kwa muda ule alimchukia mama yule kwa ukaidi wake, akawachukia watu wa Sawiya wote na migongo yao, akamlilia Riziki moyoni. Angeweza kuruka juu ya gari la tatu. Lilipita polepole, na mwenye gari akanyoosha mkono kumvuta.

"Bisha hodi," alisema Mwinjuma kwa mara nyingine, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Nakuomba, mama. Mimi sitoki hapa."

Bi Sikudhani alifumba mdomo, akautazama msafara mpaka gari la mwisho likakunja kona ya bonde na kengele zikazama ndani ya mvua. Aligeuka akamtazama. Magari yalikwisha kwenda, naye hakuwa tena na kitu cha kumpa.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Mwinjuma akajibu, akaupokea mzigo wake.

Ng'ambo ya njia yule mtu akaandika, akafunga kijitabu, akaondoka zake kabla hajalowa.